Haki ya Anayengoja Malaba

Lori likilala Malaba usiku mzima kwa sababu mashine mbili hazisikilizani, je, kuna mtu aliyemdhulumu dereva? Swali hili huonekana la mafundi, jambo la nyaya na namba lisilomhusu mhubiri wala mwanafalsafa. Mimi naona kinyume. Katika miji ya Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako riziki ya watu wengi hupita dirishani kwa afisa wa forodha, ukimya wa mashine umekuwa mamlaka kamili: unasimamisha, unachelewesha, unatia hasara, na hauulizwi. “Sistimu iko chini” ni kauli inayofunga mjadala. Anayeitamka hajioni kuwa amemnyima mtu chochote, na anayeambiwa hana wa kumlalamikia. Hoja yangu ni kwamba kauli hiyo inaficha maamuzi ya watu, na kwamba kutafuta mzizi wa ukimya huo, kazi tuliyowaachia mafundi, ni wajibu wa haki kabla ya kuwa wajibu wa ufundi.

Tuutazame kwanza mpaka wenyewe. Tangu mwaka 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa Uganda unaoshushwa Mombasa huandikishwa na kulipiwa ushuru Uganda kabla haujaondoka bandarini. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, hutumia ASYCUDA World, programu iliyotokana na kazi ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa. Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, ilianza kutumia programu ya Simba mwaka 2005, kisha ikahamia iCMS. Programu hizi zilijengwa na watu tofauti, kwa nyakati tofauti, kwa sheria za nchi tofauti, na ili lori livuke ni lazima habari za moja ziifikie nyingine. Juu ya hayo kuna benki zinazothibitisha malipo, kuna mfumo wa KenTrade kwa ajili ya vibali, na tangu 2017 kuna mfumo wa kikanda wa kufuatilia mizigo kwa lakiri za kielektroniki. Programu za hesabu na ankara za maajenti wa forodha nazo hubisha kwenye milango hiyo hiyo. Kila penye kiungo pana uwezekano wa kukatika. Kisha kuna vituo vya pamoja vya mpakani, kama kile cha Busia kilichozinduliwa Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Kwa mpango wa vituo hivyo, gari linaloingia Uganda husimama upande wa Uganda peke yake, ambako maafisa wa nchi zote mbili huketi pamoja. Ni mpango mwema, umeondoa kusimama mara mbili. Lakini umezaa hali ya ajabu: ofisi iko ng’ambo, seva iko Nairobi au Kampala, na foleni inalala kwenye barabara ya Kenya, kuelekea Amagoro na Bungoma. Anayengoja yuko mbali na kila mtu anayeweza kumjibu.

Sasa tuuchambue ukimya. Programu mbili zinazozungumza kupitia mtandao hutumia soketi, njia iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983 ndani ya toleo lake la Unix, nayo hadi leo iko chini ya sehemu kubwa ya mawasiliano ya kompyuta. Upande mmoja hufungua mlango wenye namba na kusikiliza. Wa pili hubisha. Mlango huo huweza kukosa kufunguka kwa namna nyingi zisizofanana. Pengine mashine ya mbali iko hai ila hakuna programu inayosikiliza kwenye namba ile. Hapo jibu huja mara moja, nalo ni la kukataliwa. Pengine fayawali iliyowekwa katikati kwa ajili ya ulinzi inazitupa pakiti bila kusema neno, na mbishaji hungoja hadi achoke mwenyewe. Pengine pande zote ziliunganishwa vizuri asubuhi, kisha moja ikazimikiwa na umeme, na ya pili ikabaki inaamini kuwa wako pamoja: kanuni za TCP, itifaki inayobeba mazungumzo hayo, zinataka kwamba, mtu asipobadilisha mpangilio, kifaa kisianze kumuuliza mwenzake kama yupo mpaka saa 2 za kimya zipite. Pengine maneno yamefika yote, lakini yamegawanyika tofauti na yalivyotumwa, kwa kuwa TCP hubeba mfululizo wa baiti na haijui ujumbe unaanzia wapi na kuishia wapi. Programu iliyoandikwa kwa kudhani kwamba kila inachosoma kwa mara moja ni ujumbe mzima itasoma nusu ya hati na kuikataa kuwa mbovu. Na pengine, hili ndilo zito kuliko yote, ombi limefika, limetekelezwa, malipo yamepokelewa, na kilichopotea njiani ni jibu tu.

Kwa anayesimama dirishani, hali zote hizi zina sura moja. Kwa mizani ya haki ziko mbalimbali kabisa. Katika ya kwanza kuna mtu ambaye hakuwasha programu. Katika ya pili kuna aliyeandika sharti la fayawali na hakuwaambia wenzake. Katika ya tatu kuna aliyeziacha saa 2 zibaki kama zilivyo, ingawa alijua kuwa mpakani saa 2 ni nyingi. Katika ya nne kuna mwandishi wa programu aliyeijaribu kazi yake kwenye mtandao wa ofisini, ambako pakiti hufika nzima, akaikabidhi kwa watu ambao mtandao wao si kama ule. Katika ya tano mwenye mzigo amekwisha kutimiza kila alilotakiwa kutimiza, na bado anashikiliwa kama mdaiwa. Ukiyaita yote hayo sistimu, umewafuta wahusika wote kwa mkupuo mmoja, na aliyebaki kuonekana ni dereva.

Kuna elimu ya dini ya Kiislamu iliyokabiliana na tatizo la aina hii karne nyingi kabla ya umeme. Wakaguzi wa hadithi hawakuridhika na maneno yaliyofika. Waliuliza yamepitia kwa nani, na kila mpokezi alimsikia nani. Imamu Muslim aliona yatosha kuwa wapokezi wawili waliishi zama moja na kwamba kukutana kwao kuliwezekana. Bukhari, aliyefariki mwaka 870, anajulikana kwa kutaka zaidi: ithibitike kuwa walikutana kweli. Fundi mzuri wa soketi yuko pamoja na Bukhari. Haimtoshi kuambiwa kuwa seva mbili zipo na zingeweza kuzungumza. Anataka kuiona pakiti ya kwanza ikitoka, ya pili ikirudi, ya tatu ikithibitisha, na hata hapo hajaridhika, kwa sababu uthibitisho wa TCP unasema tu kwamba baiti zimeifikia mashine, hausemi kwamba programu imezisoma na kuzifanyia kazi. Wakaguzi hao walikuwa pia na jina la kosa la mpokezi anayeficha mahali mnyororo ulipokatika: tadlisi. Mwenye tadlisi huenda hakutamka uongo hata mmoja. Aliliacha pengo lisionekane kuwa ni pengo. Nashikilia kwamba kauli ya kuwa sistimu haifanyi kazi, ikitolewa bila kutaja ni ipi, iliacha kujibu saa ngapi na nani ameijaribu, ni tadlisi ya ofisini.

Mtu atasema kwamba afisa wa dirishani si fundi, na kumdai uchunguzi ni kumwonea. Ni kweli kwamba mara nyingi yeye naye amefungwa na kauli ile ile sawasawa na dereva. Lakini hakuna anayemtaka atengeneze kitu. Taasisi iliyomweka pale ndiyo inayotakiwa kumwezesha kusema anachokijua na mahali ujuzi wake unapokoma: ombi limetoka hapa saa nne asubuhi, benki imejibu, seva ya Kampala haijajibu, tumewapigia simu. Habari hizo zipo tayari, zimeandikwa sekunde kwa sekunde katika kumbukumbu za seva. Kuziacha zibaki chumba cha seva wakati watu wanalala barabarani ni uamuzi, na kila uamuzi una mwenyewe.

Hata hivyo uchunguzi una mwisho wake, na hapa ndipo suala linapowatoka mafundi mikononi. Mwaka 1975 wataalamu wa kompyuta Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walionyesha jambo ambalo Jim Gray alilieneza mwaka 1978 kwa mfano wa majenerali wawili: pande mbili zinazowasiliana kwa njia inayoweza kupoteza ujumbe haziwezi kamwe kufikia uhakika wa pamoja. Nikikutumia neno, sijui kama limefika mpaka unijibu. Ukinijibu, wewe hujui kama jibu lako limefika mpaka nikuthibitishie. Na uthibitisho wa mwisho, uwe wa tatu au wa elfu moja, hubaki wenyewe bila uthibitisho. Miaka michache baadaye, mwaka 1985, Fischer, Lynch na Paterson walitoa hoja iliyo jirani na hiyo, ambayo kiini chake ni kwamba pale ambapo ucheleweshaji hauna kikomo kinachojulikana, huwezi kumtofautisha aliyekufa na anayekawia. Hizi si kasoro za KRA wala za URA, na hazitaponywa kwa kununua seva mpya. Shaka hii haiondoki. Kinachowezekana ni kuihamisha kutoka begani mwa huyu kwenda kwa yule. Basi kinachobaki kuulizwa ni nani abebe shaka hiyo, na kwa muda gani, na hesabu haina jibu la swali hilo.

Sheria ya dini ililikuta swali hilo zamani, katika hali ya mwanamke ambaye mumewe amesafiri na habari zake zimekatika. Huenda amekufa, huenda yu hai na amekawia. Imamu Malik alifuata hukumu inayonasibishwa na Khalifa Umar: mke angoje miaka 4, akae eda ya kufiwa, kisha yu huru kuolewa. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo ya Waswahili wengi, alikuwa na rai hiyo katika kauli yake ya zamani. Katika kauli yake mpya, baada ya kuhamia Misri, akaona kwamba mke asiolewe mpaka pawe na yakini ya kifo au talaka. Mgongano huu ni wa thamani kubwa. Kauli mpya inaulinda ukweli, kwa kuwa ndoa iliyothibitika haivunjwi kwa shaka. Kauli ya zamani inamlinda mngojaji, asifungwe maisha yake yote na ukimya wa mtu mwingine. Hakuna upande uliodai kujua habari za mume. Miaka 4 haikutokana na ujuzi wowote kuhusu mauti. Ilikuwa hukumu kuhusu dhuluma, kwamba kungoja kukipita kiasi humdhulumu anayengoja hata kama anayengojwa yu hai. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 118A, nayo imeweka miaka 7: mtu asiposikika kwa muda huo na wale ambao wangetarajiwa kumsikia, huchukuliwa kuwa amekufa, ila ikithibitishwa vinginevyo. Masharti hayo mawili, la nani alitarajiwa kusikia na la mlango kubaki wazi kwa ushahidi mpya, yanaonyesha hekima ambayo mifumo yetu ya mpakani bado haijaifikia.

Kwa maana kila programu inayofungua soketi ina miaka 4 yake. Ni namba katika faili la mipangilio: sekunde 30, dakika 2, au haikuandikwa kabisa, na mara nyingi kutoandikwa maana yake ni kungoja pasipo mwisho. Baada ya namba hiyo kuna uamuzi wa pili, ulio mkubwa zaidi: muda ukiisha, nini kifuate? Jibu lililozoeleka mpakani ni kwamba lori libaki lilipo. Hivyo shaka yote inampata mtu mmoja ambaye hakuiomba. Dereva hakudai uthibitisho wa seva. Serikali mbili ndizo zilizoudai. Lakini yeye ndiye anayelipia maegesho na chakula, bidhaa alizobeba ndizo zinazooza, na mwenye mzigo ndiye anayetozwa na kampuni ya meli kwa kuchelewa kurudisha kontena. Januari 2022, Uganda ilipotaka kila dereva apimwe UVIKO-19 kwa dola 30 na madereva wakagoma, foleni za Malaba na Busia zilirefuka kwa makumi ya kilomita, na petroli ikaadimika na kupanda bei Uganda. Safari hiyo soketi haikuhusika, lakini njia ambayo gharama ya kungoja hupitia ilionekana waziwazi: inaanza kwa dereva, inafika kwa abiria wa boda boda na mwenye duka wa Tororo, na kwa aliyetoa agizo hufika mwisho kabisa, ikifika. Katiba ya Kenya, Ibara ya 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki, na ambaye haki yake inaathiriwa vibaya na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Najiuliza ni dereva gani amewahi kukabidhiwa karatasi inayomweleza kwa nini mashine imenyamaza.

Pingamizi zito zaidi ni la kidini, nalo nalisikia kwa heshima. Wapo wanaosema kwamba mashine haina nia, na pasipo nia hakuna dhuluma. Mtandao ukikatika ni kama mvua kunyesha siku ya mavuno, ni kadari, na la mja ni kusubiri. Nakubali kwamba zipo ajali ambazo hakuna wa kulaumiwa. Lakini Judith Shklar, mwanafalsafa wa siasa, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu sura za dhuluma, alitahadharisha kwamba mpaka kati ya bahati mbaya na dhuluma huchorwa na watu, na wenye nguvu hupenda kuuchora mahali panapowafaa. Kukatika kwa nyaya kunaweza kuwa kadari. Namba ya sekunde 30 iliandikwa na mkono wa mtu, na uamuzi wa kulibakiza lori uliandikwa na mkono mwingine. Kumnasibishia Mungu maandishi ya watu ni kumvisha lawama isiyo yake, na sidhani kama mwenye imani anaweza kulifanya hilo kwa moyo mweupe. Ama subira, ni sifa njema ya anayengoja. Haiwezi kugeuzwa kuwa haki ya anayengojesha. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa aliyezaliwa Ugenya, jirani na Kaunti ya Busia, alitetea haki ya kila mtu kupata kiwango cha chini cha ubinadamu: usalama wa mwili, afya na riziki. Mtu anayelala siku mbili ndani ya kichwa cha lori kando ya barabara, bila choo cha uhakika wala maji, yuko chini ya kiwango hicho, na kumsifia uvumilivu wake hakumwinui.

Pingamizi la pili ni la watu wa forodha, nalo lina uzito wake. Tukisema kwamba ukimya ukizidi lori liachwe lipite, wasafirishaji wa magendo watajifunza kuunyamazisha mtandao. Hofu hiyo ndiyo hasa inayofanya uchunguzi uwe wa lazima, kwa sababu haki ya kupita lazima itegemee ukimya umetoka upande gani. Ikiwa programu ya ajenti ndiyo iliyotuma hati iliyoharibika, au lakiri ya kwenye kontena ndiyo iliyozimwa, shaka ni yake na angoje. Ikiwa ombi limethibitika kufika na seva ya serikali ndiyo isiyojibu, shaka ni ya serikali. Kuruhusu lipite hakumaanishi kuusamehe ushuru: mzigo mwingi wa Uganda umeshalipiwa tangu Mombasa, lakiri inaendelea kutoa ishara, na kuna dhamana za forodha zilizobuniwa kwa ajili ya mashaka kama haya. Ruhusa ya namna hiyo hubaki na mlango wazi kwa ushahidi, sawa na kifungu cha 118A. Na kwa upande wa ufundi, kila ombi likipewa namba yake ya pekee, kulirudia mara tatu hakumtozi mtu mara tatu, kwa kuwa mpokeaji ataitambua namba aliyokwisha kuishughulikia.

Wala mamlaka ya mapato haiwezi kusema kwamba mambo haya hayawezekani, maana imeshayafanya kwingine. Katika eTIMS, ambamo programu za biashara nchini Kenya hupeleka ankara zao KRA, ziliwekwa njia mbili za kuunganisha: moja kwa biashara iliyo mtandaoni muda wote, nyingine kwa isiyoweza kuwa hivyo, ambayo hutoa ankara, huzitunza na kuzituma baadaye. Aliyeibuni njia hiyo ya pili alikubali kwamba ukimya utakuwepo, na akaamua kwamba duka lisifungwe kwa sababu yake. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki, kwa jumla, katika hesabu za kodi, kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba mapato ya serikali yalichukuliwa kimzaha hapo. Kama mteja wa dukani mjini Busia anaweza kuondoka na sukari yake huku ankara ikingoja mtandao, sijaona sababu ya kimsingi ya lori lililolipiwa kutopata heshima kama hiyo.

Linabaki jambo gumu ambalo sikusudii kulipita juu juu: pale ambapo kila nchi inasema mashine yake ni nzima. Kenya inaonyesha kwamba imetuma, Uganda inaonyesha kwamba haijapokea, na huenda zote mbili zinasema kweli. Jibu langu ni kwamba shaka ya katikati ni ya nchi zote mbili kwa pamoja, kwa sababu zote mbili ndizo zilizotaka mzigo usipite pasipo neno lao. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 kuhusu vituo vya pamoja inamruhusu afisa wa Kenya kuketi ng’ambo na kutekeleza sheria ya nchi yake pale. Basi kumbukumbu za seva ya nchi yake zaweza kuketi naye, zikasomwa sambamba na za mwenzake, baada ya saa za mashine zote mbili kulinganishwa, maana kumbukumbu zinazopishana hata kwa dakika 5 haziwezi kuonyesha nani alinyamaza kwanza. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa moja au wiki nzima. Ifanyike lori likiwa limeshaondoka, kwa dhamana ya mamlaka zote mbili, kwa kuwa ugomvi ni wao.